Jina Juma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara (anajibu Juma mwenyewe)

Mi naitwa Juma, marehemu babu yangu aliitwa Juma, darasa la tatu tulikuwa akina Juma wanne, na tangu niko mdogo watu wananiuliza maswali yale yale. Nimechoka kujibu moja moja kwenye magrupu ya WhatsApp kila mtu akipata mtoto, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Soma unalolitaka, mengine ruka.

Jina Juma maana yake nini hasa?

Jibu la haraka ambalo utalikuta kila mahali mtandaoni ni "aliyezaliwa Ijumaa". Sio uongo ila ni nusu ya stori. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, jumua, na asili yake ni kukusanya, kukusanyika. Siku ya Ijumaa ikaitwa hivyo kwa sababu ndo siku watu wanakusanyika msikitini kwa swala ya pamoja. Waarabu wa kabla ya Uislamu hawakuiita hivyo, wao waliiita Aruba. Kwa hiyo jina limeanzia kwenye mkusanyiko ule, siku yenyewe imekuja kubatizwa baadae.

Na ukishajua hilo unaanza kuona ndugu zake Juma wamejaa kwenye Kiswahili: jamaa, jamii, jumuiya, jumuisha, mjumuiko. Hata ujamaa wa Azimio la Arusha 1967 ni ukoo huo huo. Mi huwa nacheka nikikumbuka kwamba Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzia 2006 mpaka 2011 alikuwa Juma Mwapachu, yaani Juma akapewa Jumuiya, mtu na shangazi yake.

Ila usichanganye na kila kitu kinachoanza na "jum". Jumba ni nyumba iliyokuzwa tu. Na jamhuri, ingawa inasikika kama ndugu, ni mzizi mwingine wa Kiarabu.

Kwa hiyo kila Juma amezaliwa Ijumaa?

Hapana bwana. Mimi nimezaliwa Jumanne, na mama anakumbuka mpaka saa. Nimeitwa Juma kwa sababu baba yake baba alikuwa Juma, na kwetu mtoto wa kiume wa kwanza anarithi jina la babu mzaa baba. Na huyo babu alizaliwa siku gani? Hakuna anayejua, nae alirithi.

Ndo maana mi nasema ukikutana na Juma usimuulize ulizaliwa siku gani, muulize umerithi kwa nani. Utapata jibu refu zaidi na huenda ukaletewa na chai.

Mtoto wangu kazaliwa Alhamisi saa 2 usiku. Ni Juma au Hamisi?

Hili swali limewahi kugombanisha watu kwenye ukumbi wa hospitali, nimeshuhudia kwa macho. Baba wa mtoto anasema cheti kitaandikwa Alhamisi kwa hiyo ni Hamisi, bibi wa mtoto kakaa kwenye benchi na kikapu chake cha uji anasema jua lilishazama, huyo Juma, na nesi kasimama na kalamu anasubiri aandike kitu.

Kwa hesabu ya wazee bibi yuko sawa. Siku kwa Waislamu inaanza magharibi, jua likizama siku mpya imeingia, ndo maana wazee wakisema "usiku wa Ijumaa" wanamaanisha usiku ule ambao kalenda ya ukutani inauita Alhamisi usiku. Kwenye redio utasikia "usiku wa kuamkia Ijumaa", ambayo inaeleweka kwa wote. Kwa hiyo saa 2 usiku wa Alhamisi, kijadi, mtoto ni wa Ijumaa. Kwa hesabu ya serikali siku inabadilika saa 6 usiku na mtoto ni wa Alhamisi. Chagua unamsikiliza nani, ila kumbuka bibi ndo atakayekaa na mtoto ukienda kazini.

(Siku ile bibi alishinda.)

Mbona kuna Jumanne, na watu wanaitwa Jumanne, hao nao ni akina Juma?

Hapa pana utamu, ngoja nielezee taratibu. Neno juma kwa Kiswahili lina kazi mbili. Ni jina la mtu, alafu ni wiki. Kabla watu hawajazoea "wiki" ya Kiingereza walisema majuma mawili, juma lijalo, na mpaka leo kwenye taarifa ya habari na makanisani utasikia. Wiki ya Mswahili inafungwa na Ijumaa, kwa hiyo kesho yake ndo siku ya kwanza ya juma: juma-mosi. Inayofuata juma-pili, maana mosi na pili ni kuhesabu kwa zamani, moja na mbili. Alafu juma-tatu, juma-nne, juma-tano.

Sasa baada ya Jumatano ungetegemea Jumasita, lakini hapo Mswahili akaacha kuhesabu akachukua neno la Kiarabu zima zima, Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni ya tano kwa sababu wao wanaanza kuhesabu Jumapili. Matokeo yake wiki yetu ina siku mbili za tano zinazofuatana, Jumatano na Alhamisi, na ya sita haipo kabisa. Watu wanaishi na hesabu hiyo maisha yao yote na hawashtuki.

Kwa hiyo Jumanne kama jina la mtu, na ni jina la kawaida sana Tanzania hasa bara, ni siku ya nne ya juma. Sio Juma namba nne, japo shuleni tulimtania hivyo jamaa mmoja mpaka akalia. Ukitaka kutofautisha mtu na wiki sikiliza sarufi: Juma huyu ni mtu, juma hili ni wiki. Juma anakuja, juma linakuja.

Ni jina la Waislamu tu?

Lilianzia huko, na pwani mpaka leo ukisikia Juma unakisia Muislamu na mara nyingi unapatia. Ila lilishavuka zamani. Magharibi ya Kenya, kule Busia, Juma ni jina la ukoo kwa familia nyingi za Kikristo. Profesa Calestous Juma (1953 mpaka 2017), yule mwanasayansi aliyefundisha Harvard na kuandika sana kuhusu teknolojia na kilimo cha Afrika, ametokea huko. Bara Tanzania pia utakuta Juma ambaye jina lake la pili ni Petro na hakuna anayeshangaa.

Na kumbuka Mkristo anayeongea Kiswahili anasema Ijumaa Kuu kila mwaka. Neno ni la wote.

Sheikh wangu ana wasiwasi, anasema sio jina la Kiislamu la kweli. Ni sawa?

Mi sio sheikh. Ninachojua ni kwamba majina yaliyosifiwa zaidi kwenye hadithi ni Abdallah na Abdulrahman, na Juma halimo kwenye orodha ya manabii wala masahaba maarufu. Lakini jina lenye maana nzuri halina shida, na hili limetokana na siku yenye sura yake nzima kwenye Qur'an, sura ya 62, Al-Jumua, aya 11, ambayo ndani yake watu wanaambiwa wakisikia wito wa swala ya Ijumaa waache biashara waende. Ukiwa bado una wasiwasi mwite Abdallah Juma na yaishe.

Lipo nje ya Afrika Mashariki?

Lipo, tena sana, watu hawalitambui tu kwa sababu ya tahajia. Wamisri wanaitamka "j" kama "g" kwa hiyo Juma wao ni Gomaa, mfano Ali Gomaa aliyekuwa Mufti Mkuu wa Misri 2003 mpaka 2013. Waturuki wanaandika Cuma na wanatamka kama sisi, maana herufi c kwao ni j. Oman na Emirates utakuta Juma au Jumaa. Afghanistan na Pakistan kuna akina Juma Khan. Wahausa wa Nigeria wana Danjuma kwa mwanaume na Jummai kwa mwanamke, na huko nako limevuka dini, jenerali Theophilus Danjuma ni Mkristo.

Congo na Burundi, kwa sababu ya Kifaransa, wanaandika Djuma. Mashabiki wa Simba mnamkumbuka kocha Masoud Djuma.

Na kama ni suala la maana tu, ukienda Ghana kwa Waakan mtoto wa kiume wa Ijumaa ni Kofi. Kwa hiyo Kofi Annan angezaliwa Bagamoyo tungekuwa tumeshatoa Juma mmoja Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Na Zuma wa Afrika Kusini?

Hapana. Zuma ni jina la ukoo la Wazulu, halina uhusiano na Ijumaa wala na sisi. Naulizwa hili mara nyingi kuliko unavyodhani, hasa na madereva taksi.

Wamarekani weusi wenye jina Juma walilitoa wapi?

Miaka ya 60 na 70 Wamarekani weusi wengi walikuwa wanatafuta majina ya Kiafrika na Kiswahili kilipendwa sana, ndo ukaona akina Jabari, akina Imani, na Juma nae akasafiri. Maarufu kwangu mimi ni Juma Sultan, mpiga ngoma aliyekuwa jukwaani na Jimi Hendrix kule Woodstock mwaka 1969. Mtu wa California yule. Nilipomwonyesha baba picha yake akasema "huyu angefaa Makorora", ule mtaa wa Tanga, na baba hasifii watu ovyo.

Akina Juma gani maarufu wa kwetu ambao mtoto anaweza kujivunia?

Wengi, ntataja ninaowapenda mimi.

Wa kwanza bila mjadala ni Juma Ikangaa, mwanariadha wa marathoni. Mwaka 1982 Brisbane kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola alipata fedha, nyuma ya Muaustralia Robert de Castella kwa sekunde 12 tu. Boston akamaliza wa pili 1988, wa pili 1989, wa pili 1990, na ile ya 1988 alipigwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Moja! Kilomita 42 na ushei alafu sekunde moja. Mwingine angetundika viatu, yeye Novemba 1989 akaenda New York akashinda kwa saa 2:08:01. Mtoto wako akilalamika kwamba jina lake la kizamani mpe hiyo stori.

Mpira tuna Juma Kaseja, kipa wa zamani wa Simba, Yanga na Taifa Stars. Muziki tuna Juma Nature wa Temeke na Juma Jux, na tofauti ya hao wawili inakuonyesha jina lilivyobadilika sura, mmoja wa mtaani kabisa mwingine wa suti na manukato. Mahakamani, Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2017 mpaka 2025 alikuwa Ibrahim Hamis Juma, mtu mwenye Alhamisi na Ijumaa zote kwenye kitambulisho kimoja, huyo kazini alikuwa hapumziki.

Na kwa wapenda historia kuna Juma Merikani, mfanyabiashara wa misafara ya karne ya 19 aliyekuwa na kambi yake ndani kabisa Katanga, na Muingereza Cameron alipokuwa anavuka bara alipokelewa kwake mwaka 1874. Hilo Merikani sio kwamba alikuwa Mmarekani, ni jina la kitambaa cha pamba kutoka Marekani kilichouzwa sana pwani na bara. Yaani hata enzi hizo Juma walikuwa wengi kiasi kwamba lazima uongezewe kitu ujulikane.

Bado ni jina maarufu? Naona watoto wa siku hizi wote akina Jayden na Arham.

Kwenye rejesta ya chekechea limepungua, hilo hata mimi naliona. Nikimpeleka mwanangu shule nasikia Rayan, Ethan, Arham, Jayden, Jayden mwingine. Juma wamehamia mstari wa pili, yaani mtoto anaitwa Rayan Juma, jina la kwanza la baba ndo Juma. Kwa hiyo jina halijafa, limekuwa baba.

Kitu kilicholishusha naona ni kule kuwa la kila mtu. Ukifungua kitabu chochote cha hesabu cha shule ya msingi, Juma ana machungwa matano anampa Asha mawili. Miaka yote mtu anagawa machungwa tu. Mwalimu akiita "Juma!" wanasimama watatu, mtaani unakuwa Juma mrefu, Juma fundi, Juma wa mama Tatu, ndo hivyo. Wazazi wa sasa wanataka jina ambalo mwanao akiitwa uwanja wa ndege ageuke peke yake. Nawaelewa. Ila sasa akina Jayden nao wameshafika wanne darasani, kwa hiyo sijui wamekimbia nini.

Toleo la kike lipo?

Lipo, Mwanajuma, na likifupishwa Mwajuma. Mwana hapo ni kama kusema bibie, ni heshima ya pwani, ndo maana kuna Mwanaisha, Mwanahamisi, Mwanakombo. Bahati mbaya watani wa Dar wameliharibu kwa "Mwajuma Ndala Ndefu", na dada zangu wote wenye jina hilo wamechoka na huo utani, tafadhali kama unampa mwanao hilo jina mfundishe na jibu kabisa.

Linaandikwaje, Juma au Jumaa?

Tanzania wengi Juma. Kenya pwani, Mombasa mpaka Lamu, utakuta sana Jumaa, na kule mkazo unavutwa mwishoni kama kwenye Ijumaa. Yote sahihi. Kisicho sahihi ni kuwa na yote mawili.

Nasema hivyo kwa uchungu. Cheti changu cha kuzaliwa kiliandikwa Jumaa, na aliyeandika kwenye ofisi ile, sitaitaja, alikuwa anaandika huku anaongea na mtu dirishani. Vyeti vya shule vyote Juma. Hakuna aliyeona mpaka nilipoenda kuomba pasipoti nikiwa na miaka ishirini na kitu, ndo nikaambiwa kwamba kisheria hawa ni watu wawili tofauti. Herufi moja, "a" moja tu, ikanipeleka kwa wakili kula kiapo kwamba mimi ni mimi, nikarudi, nikaambiwa muhuri haujakolea, nikaenda tena. Kwa hiyo mzazi, ukipewa kile cheti kisome palepale dirishani, herufi kwa herufi, hata kama foleni nyuma yako inakohoa.

Juma Hamisi Juma, hayo ni majina matatu au wamekosea?

Hawajakosea, ndo ustaarabu wenyewe. Jina la kwanza lako, la pili la baba, la tatu la babu, na kama ulirithi jina la babu basi linatokea mbele na nyuma. Wazungu wanachanganyikiwa, nimewahi kujaza fomu ya mtandaoni ikaniambia jina la kwanza na la mwisho haviwezi kufanana. Nikajaza Juma H. Juma nikapita, alafu barua zikaja "Dear Mr. Juma Juma" kama wananitafuta gizani.

Ni kweli mama wa mtoto haruhusiwi kumwita Juma?

Sio sheria, ni haya. Kwetu mke hataji jina la mkwe wake wazi wazi, na mtoto akirithi jina la baba mkwe, atamwitaje sasa? Huwezi kupiga kelele uani "Juma njoo hapa nikuchape" na mzee mwenye jina lake kakaa barazani anasikia. Kwa hiyo mama yangu hajawahi kuniita Juma hata siku moja. Ameniita Babu toka nina siku saba. "Babu, hujafua soksi." "Babu, kalete mkaa." Wenzangu walikuwa wanacheka, mtoto wa miaka sita anaitwa Babu anatumwa mkaa. Hata babu mwenyewe alivyofariki hakubadilisha, ulimi ulishazoea.

We mwenyewe umempa mwanao jina gani?

Kazaliwa Ijumaa, saa 5 asubuhi, hakuna ubishi wa magharibi wala nini. Watu wote wakasema haya, Juma huyo. Lakini baba yangu ni Hamisi na zamu ilikuwa yake, kwa hiyo mtoto wa Ijumaa kaitwa Alhamisi: Hamisi Juma Hamisi. Mke wangu anamwita Babu, kama kawaida. Na mama yangu, ambaye mumewe ndo huyo Hamisi mkubwa, akija kwetu hata viatu hajavua anauliza getini, "Mume wangu ameshakula?"